Nywele za Bahasha Namba Kumi na Tisa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Barua pepe kutoka ghala la baridi kule bandarini. Lile la samaki. Jina silitaji hata humu — miaka thelathini na moja ya uandishi wa habari imenifundisha kwamba wanasheria husoma kila kitu. Wananialika Alhamisi nikashuhudie "Siku ya Kazi Bila Dawa za Kulevya". Wafanyakazi watapimwa mkojo na nywele. Kutakuwa na vitafunio.

Mkojo na vitafunio. Nimejibu kwamba nitafika.

Mhariri anataka maneno mia nne na picha moja. Anasema nusu ya wasomaji wetu wamewahi kufanya kazi bandarini na nusu nyingine wanaitafuta. Jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Umbilo, Durban, Maman Huguette, yuko pale mwaka wa sita sasa. Jumatatu hadi Ijumaa anapanga samaki kwenye maboksi; Jumamosi anashona nywele kwenye saluni moja mtaa wa Point. Mshahara wa ghala ndio unaolisha mama yake na watoto wawili. Nilimkuta kwenye ngazi jioni. Alisema ghala zima linaongea jambo hilo tu, na yeye hana wasiwasi: hata bia aliiacha siku aliyobatizwa mara ya pili.

Kikohozi changu hakijapona. Nimenunua chupa nyingine ya dawa.

Jumanne, 3 Juni

Nimesoma sera yao. Kurasa ishirini na mbili, zimeandikwa na mtu asiyeamini nukta.

Nilichokiokota: mkojo una kumbukumbu fupi. Siku mbili, tatu, nne. Bangi hukaa zaidi, wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku. (Nchi hii inamruhusu mtu mzima avute kwake. Sera nayo haina neno — avute kwake, ila asije nayo kazini ndani ya mwili. Mwili aache wapi, haisemi.) Nywele zina kumbukumbu ndefu. Zinakua kama sentimita moja kwa mwezi; kilichomo kwenye damu kinaingia kwenye unywele unapoota na hakitoki kirahisi. Maabara huchukua sentimita tatu za upande wa ngozi ya kichwa na kusoma miezi mitatu nyuma. Kwa hiyo kila mtu anatembea na shajara kichwani, na hakuna aliyemuuliza anataka kuandika nini.

Kipengele cha kumi na nne: atakayekataa kupimwa, atakayeharibu sampuli, au atakayetoa sampuli isiyo yake, atahesabiwa sawa na aliyekutwa na dawa. Yaani kazi basi.

Waliochaguliwa ni watu thelathini. Kompyuta imewachagua bila upendeleo. Wote wapangaji wa maboksi na madereva wa forklift, vile vigari vya kuinua mizigo. Kutoka ghorofa ya juu yenye mazulia, hakuna hata mmoja. Kompyuta yenye adabu sana.

Kuwa mkweli: meneja wa wafanyakazi, Bi Thandeka Mkhize, amejitolea mwenyewe awe wa thelathini na moja. Kuonyesha mfano.

Jumatano, 4 Juni

Vinyozi wa Point wamezidiwa. Nimepita saa sita — foleni hadi nje, wanaume watu wazima wa bandarini, kila mmoja amekumbuka leo kwamba nywele zimekua.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ndefu. Niiandike yote kabla haijapoa.

Mlangoni mlinzi akasema hata wageni hupimwa mkojo. Sera. Nikakubali, sina haraka na sina siri. Mchukua sampuli anaitwa Steve, umri wangu ukitoa kumi, zamani alikuwa anauza bima za mazishi. Sasa ana koti jeupe na cheti cha mafunzo ya siku mbili, amekitundika shingoni kama medali.

Utaratibu ni huu. Unatoa kila kitu mfukoni. Unanawa mbele yake. Unapewa kikombe. Chooni mabomba yamefungwa kwa utepe wa gundi, na maji ya choo yametiwa rangi ya buluu ili usije ukayachota ukayaita yako. Unafunga mlango, Steve anasimama nje akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Ukitoka, anaangalia kwanza joto — kikombe kina kipimajoto ubavuni, na mkojo una dakika nne tu za kuthibitisha kwamba umetoka ndani ya mtu aliye hai. Kisha anachovya kipimo chenye vijistari. Mstari ukijitokeza, wewe ni safi. Usipojitokeza, una kesi. Nilimwomba arudie. Ndiyo: kutokuonekana kitu ndiko kuonekana na kitu.

Mistari yangu ilitoka yote isipokuwa mmoja. Wa jamii ya afyuni.

Steve akanitazama kwa huruma ya muuza bima. Nikatoa chupa ya dawa ya kikohozi. Akasoma, akakuta kodeini, akaandika kwenye fomu, akasema hiki ni kipimo cha haraka tu, maabara ndiyo itakayosema kwa uhakika ni kitu gani. Kwa dakika kumi na mbili nilikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya. Kisha nikapewa sambusa.

Gadiel, dereva wa forklift kutoka Singida, alishindwa kukojoa. Mkojo ulimkataa kwa sababu ya mluzi wa Steve. Sera inampa saa tatu na maji ya kunywa. Akanywa glasi kumi akiwa amekaa kwenye benchi kama mtahiniwa, wenzake wakipita na kumuuliza kama mvua imenyesha. Saa tisa kasoro, ilinyesha. Alijaza kikombe, akaomba cha pili, akaambiwa inatosha, akasema yeye bado.

Baada ya hapo nywele. Hapa kazi ya vinyozi wa Point ilionekana. Wanaume saba vipara vipya vinang'aa. Sera haijashindwa: pasipo na nywele kichwani, zichukuliwe kifuani, kwapani au miguuni. Steve akamwita Léonce, mwakilishi wa wafanyakazi, Mkongo wa Uvira, mtu mkubwa na mwenye sauti. Kichwa hakina kitu. Steve akaomba kifua. Léonce akafungua vifungo taratibu: kifua kama sahani. Kwapa hivyo hivyo. Akapandisha suruali hadi magotini. Hata nyusi nadhani alizipunguza. Steve akatafuta kwenye fomu kisanduku cha mtu wa namna hiyo, hakukipata, akaandika "hana" na kumpitisha na mkojo wake tu. Léonce havuti hata sigara. Nilimuuliza pembeni kwa nini ajitaabishe hivyo. Alisema si mambo ya dawa. Ni mambo ya bahasha. Sikumwelewa, nikaacha.

Wanawake walikuwa rahisi ajabu. Walijipanga wakicheka. Kila mmoja alikaa kwenye kiti, akainamisha kichwa na kumwonyesha Steve mwenyewe pa kukata: hapa, nyuma, chini kidogo, chukua nyingi tu. Steve alishika mkasi kama anayekata utepe wa daraja. Anakata fungu la unene wa penseli, analiweka kwenye karatasi ya bati, anaweka alama upande wa ngozi, anaingiza kwenye bahasha, anapiga kibandiko cha muhuri, mwenye nywele anatia saini juu yake. Jina, namba. Huguette alikuwa namba kumi na tisa.

Wa mwisho Bi Mkhize. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, suti ya kijani, nywele nyeusi hadi mabegani. Alisimamisha kazi ili wote waone. Nikapiga picha: mkasi, mkono wa Steve, yeye anatabasamu kwa kamera. Picha nzuri. Nimeandika kwenye daftari: "wanawake — ushirikiano mzuri sana."

Ijumaa, 6 Juni

Habari imetoka. Maneno mia tatu tisini na nane. Kampuni imeomba picha itumike kwenye tovuti yao, mhariri amewapa.

Jumatano, 18 Juni

Majibu. Taarifa yao kwa vyombo vya habari inasema thelathini kati ya thelathini na mmoja ni safi, na kwamba mmoja "atashughulikiwa kwa utu". Ikisema utu, ujue mtu ameshaondolewa.

Saa kumi na moja jioni nikagongewa mlango. Huguette, na barua mkononi. Barua iko kwa Kiingereza, akaniomba niisome. Bahasha namba kumi na tisa: kokeini. Mkojo wake ulikuwa safi — na barua inautumia usafi huo dhidi yake. Inasema mkojo safi na nywele chafu ni dalili kwamba aliacha kwa siku chache ili kuuhadaa mkojo. Amesimamishwa kazi. Kikao cha nidhamu tarehe 26. Akipatikana na hatia atafukuzwa, na ghala nyingine za bandarini "zitaarifiwa zikiomba taarifa zake". Maana yake hatapanga tena samaki wa mtu yeyote hapa Durban.

Nilisoma mara mbili, mara ya pili polepole. Hakulia. Alikaa akaitazama barua kama mshono ulioharibika, akitafuta ulipoanzia. Kisha:

"Papa Ladislaus, ile nywele haiko yangu."

"Iko ya nani?"

"Sijui. Niliinunua."

Akainama, akatenganisha nywele kwa vidole, kisogoni. Chini yake misuko midogo ya nywele zake mwenyewe, imelala kama mistari ya shamba; juu yake, kwa uzi mweusi, nywele nyingine zimeshonewa safu kwa safu. Yeye anaziita mèche. Si za plastiki. Nywele za binadamu, pakiti nzuri, zinatoka ng'ambo, pakiti haisemi ng'ambo gani. Steve alikata hizo.

Kwa hiyo maabara imesoma miezi mitatu ya maisha ya mtu ambaye hajawahi kufika Durban. Mwanamke, labda mwanamume. Alistarehe au alihangaika, sijui. Halafu siku moja akauza nywele zake. Sasa anafukuzwa kazi ya samaki.

Nikamwambia mbona ni rahisi, aende aseme hivyo. Akatikisa kichwa. Akasema niende saluni Jumamosi.

Alhamisi, 19 Juni

Ghala limenipigia. Wanahitaji mkalimani wa Kiswahili kwa kikao cha 26, aliyekuwepo anaumwa. Nikasema mhusika ni jirani yangu. Wakasema hawana pingamizi, mhusika mwenyewe amekubali. Nimekubali pia. Nikiwa mkalimani nasema wanachosema wengine, siongezi. Ni kazi nyepesi kuliko yangu.

Jumamosi, 21 Juni

Saluni ni chumba kimoja, viti vinne, ghorofa ya chini ya jengo la zamani Point. Huguette alikuwa anafanya kazi akiongea, pini zikiwa pembeni mwa mdomo. Nilichokielewa, kwa mpangilio:

Wiki ile kabla ya vipimo, wapangaji wenzake wa maboksi walikuja mmoja mmoja hapa saluni, wana hofu. Si ya dawa. Ya bahasha. Kwao, na nadhani kwa wengi wetu, nywele za mtu hazitupwi ovyo. Nimeona mara nyingi wateja wa Huguette wakiondoka na kifuko kidogo cha plastiki na sikuwahi kuuliza. Ni mabaki ya kichana, kila mtu anarudi na ya kwake. Nilidhani ni usafi.

"Nywele yako na jina yako, ndani ya bahasha moja, inaenda kwa muntu hujui," alisema. "Wewe ungekubali, Papa?"

Steve hakuniomba nywele siku ile. Nilikumbuka jinsi nilivyoshukuru kimoyomoyo. Shahada mbili nilizonazo hazikusema kitu.

Basi Huguette akawashauri. Yule baba wa mkasi hajui kichwa cha mwanamke. Mwonyesheni nyuma, kwenye mèche, akate anavyotaka. Nywele yenu itabaki nyumbani, kampuni itapata bahasha yake, kila mtu atalala. Ndiyo kicheko nilichokiona kwenye foleni. "Ushirikiano mzuri sana." Miaka thelathini na moja, na nilikuwa nimesimama mita mbili.

Sasa tatizo. Akisema kikaoni kwamba nywele ni za kununua, watauliza na wenzake je. Kipengele cha kumi na nne: sampuli isiyo yako ni sawa na kukutwa na dawa. Akinyamaza, anafukuzwa mmoja. Akisema, wanafukuzwa wote, na yeye ndiye aliyewafundisha.

Nikamuuliza ni wangapi. Akahesabu kwa vidole, akitaja majina: Marie-Jeanne, Mireille, Anaïs, akaendelea, hadi tisa. Yeye wa kumi. Kisha akashika kidole kingine, akakikunja tena.

Nikasema, na huyo?

Alisema huyo si wa maboksi. Kichwa cha mteja hakitoki saluni. Akaendelea kushona.

Nami pia siwataji watu wanaonipa habari. Nikaacha hapo. Nyumbani nikafungua picha yangu ya tarehe 5 kwenye kompyuta na kuikuza. Mkono wa Steve umefunua nywele za kisogoni za Bi Mkhize ili mkasi upite. Chini ya kidole gumba chake, safi kabisa, mshono wa uzi mweusi.

Lensi nzuri. Ilinigharimu likizo mbili.

Jumapili, 22 Juni

Walikutana baada ya ibada, uani kwa kanisa lao. Huguette amenisimulia kwenye ngazi. Mireille alisema asiachwe mtu mmoja abebe, waende wote kumi wakaseme. Anaïs alisema ni rahisi kwa Mireille, mume wake ana kazi. Mwishoni Marie-Jeanne akamwambia Huguette: wewe ndiye uliyetuambia, dada. Kikao kikaishia hapo. Walimaliza kwa sala ya amani.

Jumanne, 24 Juni

Nimepanda kilima cha Berea kwa Rhoda, mwenzangu wa Tanzania, mkemia, anafundisha chuo kikuu. Sikutaja mtu. Nikamuuliza tu: nywele za kununua zinaweza kukutwa na kokeini? Akasema viwanda huzichemsha, huzipausha na kuzipaka rangi, na hiyo huondoa mengi. Mengi si yote. Na maabara ikisema imekuta pamoja na yale mabaki ambayo mwili huyatengeneza ukiivunja dawa, basi ilipita ndani ya mtu kweli.

Kwa hiyo maabara imekosea? Hapana, alisema. Maabara imejibu sawasawa swali ililoulizwa, na swali lilikuwa kuhusu bahasha.

Kuna kisanduku kwenye fomu, alisema, cha aina ya nywele: za asili, zilizopakwa rangi, za kuongezwa. Mchukua sampuli anatakiwa kuangalia. Nimekumbuka rundo la fomu za Steve asubuhi ile kabla mtu hajakaa kwenye kiti. "Za asili" — imetiwa alama kwenye zote. Kuokoa muda.

Habari ninayo yote. Siwezi kuiandika bila kuwafukuzisha wanawake kumi. Nimeandika mahali pake kuhusu mashimo ya barabara ya Umbilo.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika kwenye benchi la ukumbini, ghorofa yenye mazulia. Mapumziko ya dakika kumi. Haraka basi.

Tulianza saa tatu. Mwenyekiti ametoka nje ya kampuni, wakili mstaafu, mzee wa Kihindi mwenye miwani minene na subira nyingi. Upande wa kampuni, Bi Mkhize mwenyewe. Steve shahidi. Huguette na Léonce, mwakilishi wake, ambaye nywele zinaanza kumrudia kama vumbi la makaa. Mimi katikati.

Bi Mkhize alisoma mashtaka. Alisoma vizuri, hakuinua macho. Mkojo safi, nywele chafu, hila. Kisha akaongeza kosa la pili: mshtakiwa ana kazi nyingine ya Jumamosi, ususi, ambayo hakuitangaza. Nikatafsiri. Huguette akamtazama kwa mara ya kwanza. Alimtazama kichwa, si uso.

Mwenyekiti akamuuliza kama ametumia dawa hiyo. Hapana. Anaeleza vipi majibu? Huguette akanyoosha kona za barua yake. Mwenyekiti akauliza tena kwa upole. Huguette akasema kwa Kiswahili kwamba hana la kueleza. Nikatafsiri neno kwa neno. Ni sentensi fupi, ilinichukua muda. Léonce aligonga meza. Akaambiwa asigonge meza.

Ilikuwa imekwisha, naona. Mwenyekiti alikwisha kuanza kuandika. Lakini Bi Mkhize ni mtu wa kukamilisha mambo. Akasema ili kuondoa shaka kwamba sampuli zilikatwa kwa utaratibu sahihi, anawasilisha kielelezo namba tano.

Picha yangu. Imekuzwa, ukubwa wa gazeti, jina langu chini kwa herufi ndogo. Mkasi, mkono, tabasamu.

Alikuwa ameitazama picha hiyo mara ngapi? Sidhani kama aliwahi kutazama zaidi ya uso wake.

Mwenyekiti akavua miwani. Akaisogeza karatasi hadi inchi mbili kutoka machoni. Chumba kizima tulisikia mashine za baridi zikiunguruma chini. Akamuuliza Steve, hiki chini ya kidole chako ni nini. Steve akaja akaangalia. Alisema, eish, alidhani ni mtindo.

Mzee akaiweka karatasi mezani na kuigeuza. Hakuielekeza kwa Bi Mkhize. Aliielekeza kwa Huguette.

"Faili inasema wewe ni msusi," alisema. "Niambie hapa naangalia nini."

Nikatafsiri. Huguette akaomba dakika kumi. Akapewa.

Bi Mkhize alitoka kwanza, na mkoba wake, kuelekea choo cha wanawake. Hatukumsikia akifungua bomba.

Hapa kwenye benchi Léonce ananong'ona kwa nguvu, ambayo ndiyo namna yake ya kunong'ona: aseme, aseme, meneja naye kakatwa mèche, wakamfukuze yeye kwanza waone watabaki na nani wa kufukuza wengine. Huguette anamwambia yeye ana kipara, kipara hakina wateja. Kisha akanigeukia.

"Nikisema, utaandika?"

Nikamwambia humu ndani mimi ni mkalimani.

"Na ukitoka?"

Nikafunua ukurasa mpya wa daftari. Yeye ndiye mtu wa kwanza katika kazi hii kuniuliza swali ambalo ningemuuliza mimi.

Bi Mkhize amerudi. Amefunga kitambaa kichwani, cha buluu na dhahabu, kile cha kwenda nacho kanisani. Kimefunika kila unywele hadi shingoni. Amekifunga kwa haraka, bila kioo cha maana — kimeelemea upande wa kushoto, nywele zilizojaa chini yake zinakisukuma. Akijaribu kuinama kitaanguka. Yeye mwenyewe anajua. Anatembea kama mtu aliyebeba ndoo. Amesimama kwenye fremu ya mlango wa chumba, hatutazami.

Dakika kumi zimekwisha. Mwenyekiti anaita kutoka ndani.

Huguette ameinuka. Hakwenda kwenye kiti chake. Amefungua pochi, ametoa pini nne, ameziweka mdomoni, amemgeuza Bi Mkhize mabega bila kumwomba ruhusa, na amekifungua kile kitambaa. Anakikunja upya, anakaza nyuma, anaingiza pini ya kwanza. Bi Mkhize amefumba macho.

Mimi naandika nimesimama, daftari ukutani. Ndani mzee anauliza kwa mara ya pili kama msusi yuko tayari kujibu. Nimetafsiri.

Huguette bado ana pini tatu mdomoni.